Sumaku na Magunia ya Fedha

Jina la Sumaku hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wachuuzi wa sarafu, kwa sababu ya kile kipande cheusi cha sumaku alichokivaa shingoni kwa uzi, kama wenzake wanavyovaa kidani. Mtu akimletea sarafu kuukuu na kuapa kwamba ni fedha tupu, Sumaku hakubishana naye. Aliivua sumaku, akaishusha polepole juu ya sarafu, na ile sarafu ikiruka na kung'ang'ania, alimrudishia mwenyewe. "Fedha yako imechanganya ukoo, ndugu yangu," alisema. "Mama yake ni chuma." Fedha ya kweli haishikwi na sumaku, na hilo kila mtu wa biashara ile alilijua. Wasilolijua ni kwa nini mwanamke yule aliingia kwenye kazi ya wanaume wenye lenzi na albamu, akajibanza kwenye kichumba chini ya ngazi, mkabala kabisa na duka la mtu aliyemchukia kuliko maradhi.

Mtu huyo aliitwa Jicho. Naye jina hakupewa na wazazi. Alikuwa na mtindo wa kubana lenzi kwenye jicho la kulia bila kuishika kwa mkono, uso ukikunjamana upande mmoja, na kwa namna hiyo aliweza kukutazama na kuitazama sarafu yako kwa wakati mmoja. Ukweli ni kwamba watu hakuwatazama. Jicho lake lilikuwa la sarafu.

Zamani Sumaku alikuwa mshona sare za shule, yeye na dada yake mkubwa, katika chumba kimoja chenye cherehani mbili na marundo ya kaptura za bluu. Baba yao alikuwa fundi saa. Mteja aliyekosa pesa ya kulipia saa yake alimwachia sarafu za kale, za enzi ambazo serikali zilikuwa bado zinatia fedha halisi ndani ya pesa zao, na mzee yule alizipokea kwa furaha kuliko noti. Alizikagua kwa koleo lake dogo, akazipanga, akazifunga kwenye kitambaa. Alipofariki alimwachia mkewe kifurushi kile na neno moja tu: "Usiziuze ila kwa shida."

Shida ilikuja ikiwa na jina la figo. Mama yao alianza kuvimba miguu, kisha uso, na daktari akasema damu yake isafishwe kwa mashine, tena upesi. Zilikuwapo hospitali mbili. Moja ilikuwa na mashine nyingi na bei ya kutisha. Nyingine ilikuwa na bei nafuu na foleni iliyopinda hadi nje ya lango. Sumaku akachukua kifurushi cha baba, akaenda kwa Jicho, kwa kuwa ndilo duka lenye kioo kikubwa na maandishi ya dhahabu.

Siku hiyo aliisimulia mara nyingi baadaye, hasa kwa dada yake, hata dada yake akawa anajua pa kuitikia. Jicho alizimwaga sarafu kwenye kitambaa cha kijani, akabana lenzi. Akazipitia moja moja kwa kidole. Alipofika kwenye moja yenye kovu dogo ukingoni, mahali ambapo koleo la baba liliteleza, kidole kilisimama. Kikasimama kidogo tu. Kisha kikaendelea.

"Binti, hizi ni fedha kuukuu," alisema. "Nitakununulia kwa uzito. Na siku hizi bei ya fedha duniani iko chini, nadhani unasikia kwenye redio."

"Baba alisema baadhi ni adimu, mzee. Na mama yangu anaumwa. Nahitaji pesa ya hospitali."

"Kila baba husema zake ni adimu."

"Hata hii?" Sumaku aliigusa ile yenye kovu.

"Hiyo nayo ni fedha kama wenzake."

"Mama anaumwa sana, mzee," Sumaku alirudia.

Jicho akazimwaga zote kwenye mizani kwa mkupuo, kama mtu anayepima maharagwe.

Pesa ile haikufika hata kwenye mlango wa hospitali yenye mashine nyingi. Walikwenda kwenye ile ya foleni. Mama yao alifariki akiwa kwenye benchi la kungojea, kichwa kikiwa begani mwa dada mkubwa, na watu wa nyuma yao waliwapa pole huku wakisogea mbele nafasi moja.

Baada ya msiba, Sumaku alipita mbele ya duka la Jicho akiwa na furushi la sare kichwani. Kwenye kioo, juu ya kitambaa cheusi, ilikuwapo sarafu moja peke yake, imewekewa taa yake. Kovu lilikuwa ukingoni. Chini yake kulikuwa na maelezo kwamba ni ile iitwayo Sikio, kwa kuwa mchonga muhuri wa kupigia sarafu alisahau kumchonga mfalme sikio, na kosa hilo likagunduliwa sarafu chache mno zikiwa zimekwisha kutoka. Na bei. Sumaku aliisoma bei ile mara mbili, kisha akaweka furushi chini.

Aliingia ndani. Dukani kulikuwa na wateja wawili wa heshima, wanakunywa kahawa.

"Mzee, ile sarafu ni ya baba yangu."

"Ilikuwa," alisema Jicho bila kuinua lenzi. "Uliuza, nikanunua. Tumemalizana."

Mmoja wa wale wateja alicheka. Jicho naye akacheka, cheko la mtu anayemfurahisha mgeni. Basi ni cheko hilo, kuliko hata bei, lililomfanya Sumaku aache cherehani.

"Mwachie Mungu," dada yake alimwambia.

"Mungu ana kazi nyingi, dada. Hii nitamsaidia."

Alianzia kwa sonara wa mtaa wa nyuma, mzee mwenye nyusi zilizoungua, aliyekuwa akiyeyusha vyombo vya fedha na kufua bangili. Sumaku alimfagilia, akampulizia moto, akamfulia aproni, na malipo aliyoyataka ni kufundishwa. Sonara hakuwa mchoyo wa maneno.

"Sarafu ya fedha ina bei mbili," alimwambia siku moja huku akikoroga chungu. "Bei ya uzito na bei ya uadimu. Zinakaa nyumba moja kama wake wenza. Fedha ikiwa rahisi duniani, mke wa uadimu ndiye anayesema, na yule wa uzito hunyamaza. Fedha ikipanda, mke wa uzito hupiga kelele hadi mwenzie asisikike. Hapo ndipo watu huniletea sarafu ambazo jana wangezibusu, wanasema, mzee, tia motoni."

"Na zikishayeyuka?"

"Zimeyeyuka. Fedha ikishuka tena wanakuja kuzitafuta. Mimi nawaonyesha bangili."

Maneno hayo Sumaku aliyaweka moyoni kama mtu anayeficha kisu chini ya mto. Sonara alipompangisha kile kichumba cha chini ya ngazi alichokuwa akihifadhia mkaa, Sumaku alikipaka chokaa, akaweka meza, mizani ndogo na taa. Alinunua vijiko vilivyopinda, vifungo, hereni zilizopotelewa na pacha, mabaki ya sinia. Fedha ilikuwa rahisi, na hakuna aliyemwonea wivu. Sonara alimyeyushia mabaki hayo kuwa vipande vya mstatili, naye akavipanga chini ya kitanda kimya kimya. Alijifunza na uadimu: mwaka gani zilitoka chache, muhuri upi ulipasuka, herufi ipi ndogo chini ya shingo ya mfalme inafanya sarafu iliyochakaa ipigishe watu magoti.

Na kila asubuhi Jicho, akifungua milango ya duka lake, alimpungia mkono. "Jirani, umeamkaje?"

"Salama, mzee."

Sumaku aliamini kabisa kwamba Jicho anamjua. Aliamini kwamba salamu ile ni dharau iliyopakwa sukari, kwamba mzee yule anafurahia kumwona mtoto wa fundi saa chini ya ngazi. Akajibu kila siku kwa adabu, na kila jibu likaongeza kuni kwenye moto uleule. Subira huvuta heri, wahenga walisema. Hawakusema huvuta nini ikiwa uliyenayo si subira ila kinyongo.

Bei ya fedha ilianza kupanda kama mzaha. Viwanda vya paneli za jua vilikuwa vinaitaka, matajiri wa mbali walikuwa wameanza kuziogopa noti zao, na kila aliyesikia kwamba inapanda alinunua, nayo ikazidi kupanda kwa sababu wananunua. Mtaani haikupita muda mrefu, watu wakaanza kujipanga kwa sonara na birika za harusi za bibi zao. Wajane walileta vijiko. Kijana mmoja alileta kombe alilokabidhiwa na timu yake alitunze, na timu nzima ikamfuata nyuma.

Mwanzoni Jicho alipata hasara. Wakusanyaji wake, wale wa kunywa kahawa, waliacha kuja kununua wakaja kuuza. Mwalimu mmoja mstaafu alimwekea albamu nzima mezani.

"Ulinipa hizi kwa bei ya historia," alisema. "Leo sonara anatoa zaidi ya hiyo kwa uzito tu. Sasa nikae na historia ya nini?"

 Sarafu za kawaida, zile zilizolisha duka la Jicho miaka yote kwa faida ndogondogo ya uadimu wa kubahatisha, zilikuwa zimemezwa na uzito. Zilibaki zile adimu kupindukia tu, na hizo wanunuzi wake walikuwa wamesahau kuzitamani. Hapo homa ikamwingia. Akaacha kuuza sarafu, akaanza kununua fedha. Alinunua ya kila mtu, kwa magunia, akapeleka motoni. Pesa yake ilipokwisha alikopa benki kwa kuweka rehani duka. Ya benki ilipokwisha alikopa kwa watu ambao hawaandikishi karatasi. Lenzi ikabaki kwenye droo. Nani ana muda wa kukagua gunia?

Sumaku aliyaona hayo kutoka chini ya ngazi, na usingizi wake ukawa mtamu.

Siku moja Jicho alivuka barabara, akainama kuingia kwenye kile kichumba. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia.

"Jirani, wewe huongei sana, lakini naona unaonana na wanunuzi wa nje. Wanasemaje? Nimefikiri niuze nusu, nilipe watu."

Hapa ndipo palipokuwa na kazi yenyewe. Wanunuzi wa nje waliopita kwake walikuwa wamemwambia jambo moja, tena kwa kunong'ona: kwamba wao wenyewe wanauza, kwamba bei hii ni puto litakalopasuka karibuni. Sumaku alifuta mizani yake kwa kitambaa, taratibu.

"Mimi mtu wa chini ya ngazi, mzee, nitajua nini? Ila wao wanasema hapa ndiyo kwanza katikati. Anayeuza sasa atakuja kujing'ata vidole."

"Wamesema hivyo?"

"Kwa midomo yao."

Jicho alimshukuru. Alimshika na mkono. Alipotoka, Sumaku aliunawa mkono ule kwa sabuni. Hakupepesa macho alipokuwa akisema uongo, na baadaye hakutetemeka. Hilo lilimshangaza kidogo, kama mtu anayegundua kwamba anaweza kuogelea.

Juma lililofuata ni yeye aliyevuka barabara.

"Mzee, nina vipande vya fedha safi, vimeyeyushwa tayari. Sonara anakutoza kuyeyusha, na moto nao unakula chake. Kwa nini tusibadilishane? Mimi nikupe vipande, wewe unipe sarafu kutoka kwenye magunia, uzito kwa uzito. Nachagua mwenyewe."

Jicho alimtazama kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. "Unataka sarafu chakavu za nini?"

"Napenda nyuso za wafalme."

Akacheka. Lilikuwa cheko lilelile, halikuzeeka hata kidogo. "Chagua, jirani. Chagua hadi macho yakutoke. Fedha ni fedha."

Basi Sumaku akakaa kwenye kiti cha wageni, kile cha wanywa kahawa, magunia yakiwa miguuni mwake na taa yake mwenyewe ameileta. Akachagua. Alitoa zile ziitwazo Nyota Mbili, alitoa Taji Pungufu, alitoa zile za mwaka wa vita ambazo nyingi zilizama na meli. Kila aliyoitoa ilikuwa haithaminiwi na mtu siku zile zaidi ya uzito wake, na Jicho, ambaye angeweza kuzitambua usingizini, alikuwa ameupa mgongo mlima ule, anatazama simu yake. Hakuibiwa, na hilo Sumaku alilipenda kuliko yote. Kila kitu kilifanyika mchana, mlango ukiwa wazi, mizani ikiwa katikati yao.

Mara moja tu mambo yalikaribia kuharibika. Jicho alinyoosha mkono akaokota sarafu kutoka kwenye rundo la Sumaku, akaisogeza dirishani. Ilikuwa Taji Pungufu, safi kiasi cha kuhesabu nywele za mfalme. Akaikunjia jicho. Uso wake ukaanza kujikunja upande mmoja, kwa mazoea, kama unatafuta lenzi.

"Hii..." alisema.

Simu ikalia. Alisikiliza, uso ukamkunjuka. "Imepanda tena, jirani! Asubuhi hii tu!" Akairudisha sarafu kwenye rundo bila kuitazama.

Dada mkubwa alikuja kumtembelea jioni moja, akazikuta sarafu zimepangwa kitandani, akajua.

"Mwambie auze," alisema. "Kabla hakijamkuta kitu. Mkewe namshonea nguo, ni mtu wa watu. Na wana watoto. Watoto wake wamekukosea nini?"

"Mama yetu alikuwa amemkosea nini?"

"Mama hakukutuma."

"Mama alifia kwenye foleni, dada. Angenituma saa ngapi?"

Dada mkubwa alichukua mkoba wake akaondoka, na kwa muda mrefu hawakusemeshana.

Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Bei ilianguka siku ya kawaida kabisa, siku isiyo na mvua wala habari. Matajiri wa mbali walikuwa wameuza, wakubwa wakafuata, na wadogo wakakimbilia mlango uleule kwa pamoja. Kufikia jioni fedha ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya kilele chake, kesho yake ikapoteza zaidi. Jicho alikaa dukani na vipande vyake vimepangwa ukutani kama matofali, na vyote kwa pamoja havikufikia nusu ya deni. Alingoja bei irudi, kwa sababu aliambiwa hapa ni katikati tu. Watu wasioandikisha karatasi hawakungoja. Benki nayo ilikuja na kufuli. Sumaku alisimama mlangoni pake akatazama maandishi ya dhahabu yakikwanguliwa kwenye kioo kwa wembe, herufi moja baada ya nyingine, akanywa chai yake hadi ikaisha.

Kisha yakatokea yale aliyoyasema sonara. Fedha ikatulia huko chini, mke wa uadimu akafungua mdomo, na wakusanyaji wakarudi na albamu zenye mashimo. Nyota Mbili ziko wapi? Zimeyeyuka. Za mwaka wa vita je? Motoni. Nchi nzima ilikuwa imeziyeyusha. Sarafu iliyokuwa ya kawaida kabla ya homa ikawa sasa haipatikani, na iliyokuwa adimu ikawa ya kusimuliwa. Isipokuwa kwa mwanamke mmoja chini ya ngazi. Sumaku aliziuza kidogokidogo, bila pupa, akapata kuliko alivyowahi kufikiri. Akanunua kichumba chake, na ngazi, na jengo lililoshikilia ngazi.

Lakini alikuwa anamngoja Jicho. Kila siku alidhani atamwona akivuka barabara, amekonda, aje amwambie, "Nimekujua, binti wa fundi saa. Umenilipa." Bila hayo kazi ilikuwa haijakamilika. Jicho hakuja. Alisikia tu kwamba anaishi kwenye nyumba ya mwanawe, chumba cha uani, na mguu mmoja hautembei vizuri. Mwishowe Sumaku alichoka kungoja, akavaa nguo zake nzuri, akaenda mwenyewe.

Mke wa Jicho alimfungulia, akamkaribisha kwa mikono miwili, akamletea maji. Jicho alikuwa kitini, blanketi mapajani. Alipomwona, uso wake wote uling'aa.

"Jirani! Mama, unaona? Katika watu wote wa mtaa ule, huyu ndiye aliyekuja kunijulia hali."

Sumaku aliyanywa maji. Akaweka bilauri chini.

"Mzee, sikuja kukujulia hali. Nimekuja kuhusu ile sarafu ya Sikio."

"Sikio," alisema Jicho, na macho yakamlainika. "Ile naikumbuka kama mtoto wangu. Ilikuwa na kovu ukingoni. Niliiuza kwa mgeni mmoja, nikamjengea mwanangu nyumba hii unayoiona."

Sumaku alitazama kuta. Zilikuwa nzuri, zimenyooka.

"Na aliyekuletea?"

"Aliyeniletea?" Jicho alifikiri kwa dhati. "Mtu tu. Watu walikuwa wanaleta."

"Ni mimi."

Jicho alimtazama, safari hii kwa macho yote mawili, akitafuta. Hakupata kitu. Sumaku aliliona hilo, na likamuuma mahali ambapo hakujua kwamba bado pana nyama. Miaka yote ile ya umeamkaje jirani haikuwa dharau. Hakuwa anajulikana.

Basi akamweleza. Alimweleza baba na koleo lake, mama na uvimbe wake, kitambaa cha kijani, kidole kilichosimama, benchi la hospitali. Alimweleza polepole kama anavyofundishwa mtoto, na kila Jicho alipoinamisha kichwa, alinyamaza hadi akiinue.

"Mbona hukuniambia mama yako anaumwa?" Jicho aliuliza hatimaye.

"Nilikuambia. Mara mbili."

 Mke wa Jicho alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, hajui aingie au atoke.

"Na lile neno la wanunuzi wa nje," Jicho alisema, sauti imeshuka. "Kwamba ni katikati."

"Nililitunga. Wao walikuwa wanauza."

Alidhani atamlaani. Alikuwa amejiandaa kwa laana, hata aliitamani. Lakini Jicho alikaa, akakunjakunja pindo la blanketi, na kilichomtoka kilikuwa swali la mchuuzi.

"Kwenye magunia yangu ulitoa zipi?"

Sumaku angeweza kuondoka wakati huo. Badala yake aliketi vizuri kwenye kiti, akamtajia. Alimtajia Nyota Mbili, na ngapi. Alimtajia zile za mwaka wa vita, moja moja, na hali ya kila moja. Alimtajia bei aliyoiuzia kila moja, akaanzia ya chini akipanda. Jicho alikuwa anafuatisha kwa midomo bila sauti. Ilipofika Taji Pungufu, ile ya dirishani, alifumba macho.

"Ile niliishika," alisema.

"Uliishika."

"Simu ikalia."

"Ikalia."

Hakufumbua macho tena hadi Sumaku anainuka. Mkewe alimsindikiza hadi langoni kwa sababu ndivyo alivyolelewa, lakini mikono yake aliifumbata kifuani.

"Umeridhika sasa?" aliuliza.

"Kwa sehemu kubwa," alijibu Sumaku. Halikuwa jibu zuri, ila lilikuwa la kweli.

Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Ndiyo kwanza wanaonana tangu siku ile ya ugomvi. Alimkuta anapindisha kola, akaketi kwenye cherehani yake ya zamani, akamsimulia yote, pamoja na lile la kutojulikana. Dada mkubwa alisikiliza bila kusimamisha mguu uliokanyaga cherehani.

"Na ulikunywa maji yao?"

"Nilikunywa."

"Haya," alisema dada, akamsukumia rundo la vifungo. "Nishonee hivyo, macho yangu yameanza kuchoka."

Jicho aliishi. Watu wanasema siku hizi hukaa barazani na meza ndogo, ananunua sarafu mojamoja kwa majirani, na lenzi imerudi jichoni. Akikutana na kitu kikubwa kuliko mfuko wake humwelekeza mwenye nacho kwa Sumaku, kwa kuwa mjini hakuna mwingine anayelipa vizuri. Wakifika hujitambulisha, "Nimetumwa na mzee Jicho." Sumaku huipokea sarafu, huishushia sumaku, hutaja bei yake halali na kulipa. Hali ya mzee haulizi, na yeye hajawahi kutuma salamu.